Darubini au hadubini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko darasa la sita. Kwenye zoezi la sayansi aliandika: "Tuliona seli za kitunguu kwa darubini, ambayo inaona mara 400." Mwalimu wake akapiga mstari mwekundu chini ya neno "darubini" na kumkata maksi. Mimi nimekua nikisikia darubini tu. Kwani hadubini si jina jingine la kitu hicho hicho? (Mzazi, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Hapana, ni vyombo viwili, na mwalimu wa mwanao hakukosea.

Darubini ni ya vitu vya mbali. Nahodha huitumia kutafuta nchi kavu, na waongoza watalii Serengeti huitumia kumtafuta chui juu ya mti. Mwaka 1610 Galileo, mwanasayansi wa Italia, aliielekeza yake angani akaona miezi minne inayoizunguka sayari ya Mshtarii. Hadubini ni ya vitu vilivyo karibu kabisa, hapo juu ya meza, ila ni vidogo mno kwa macho matupu. Kwa chombo hicho Robert Hooke, mwanasayansi wa Uingereza, alikitazama kipande chembamba cha gome la mti, akaona vyumba vidogo vidogo, akaviita seli. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1665.

Majina yenyewe yanaeleza kazi. Darubini tumeipata kutoka Kiajemi: "dur" ni mbali, na "bin" ni kuona. Kwa hadubini, sikiliza Kiurdu, ambamo chombo hiki huitwa "khurdbin", na "khurd" ni -dogo. Undugu wake na neno letu unasikika. Mwambie mwanao hivyo. Mtoto akishajua kwamba -bini ni kuona, hatayachanganya tena.

Kwa nini basi wewe umekua ukisikia darubini tu? Nadhani magazeti yamechangia. Waandishi wanapenda kusema wanalimulika jambo kwa darubini, wakiwa na maana ya kulichunguza kwa undani, na msomaji anabaki na picha ya mtu aliyeinamia kitu kidogo. Katika usemi huo sioni ubaya. Katika daftari la sayansi haufai, kwa sababu huwezi kuona seli kwa darubini hata ukae nayo mpaka jioni.

Ila mimi ningeupigia mstari pia mwisho wa ile sentensi, ambao mwalimu ameuacha. Hadubini haioni, anayeona ni mtoto. Hadubini hukuza. Na hiyo 400 ina hesabu yake: lenzi ya juu, pale jicho linapowekwa, imeandikwa 10, na lenzi ya chini iliyoelekea slaidi (kile kioo chembamba kinachowekwa kitu cha kutazamwa) imeandikwa 40. Mara 10 kwa 40 ndiyo 400. Kwa hiyo tunasema "hukuza mara 400", au "seli zimekuzwa mara 400". Lenzi ya chini ikigeuzwa ikawekwa ile ya 10, ukuzaji unashuka hadi mara 100, na namba iliyo kwenye daftari lazima ibadilike pia.

"Mikroskopu" nayo utaikuta, na inaeleweka. Mimi nachagua hadubini kwa kuwa imeshazoeleka, hata maabara za hospitali zinaitumia: damu hupakwa kwenye slaidi, ikatazamwa kwa hadubini kutafuta vimelea vya malaria. (Mtaani tunasema "wadudu wa malaria". Kwa mgonjwa si neno, lakini kimelea hicho si mdudu. Mdudu ni mbu aliyekileta.)

Sentensi ya mwanao ningeiandika hivi: "Tulibandua ngozi nyembamba ya kitunguu, tukaiweka kwenye slaidi na kuidondoshea iodini, kisha tukaona seli zake kwa hadubini inayokuza mara 400."