Waulize Wajuzi: Kitabu cha mwongozo na vichochoro vya Venice

Barua zilizotufikia safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: mtu ana kitabu cha mwongozo wa watalii, yuko Venice au anaelekea huko, na kitabu hakikubaliani na anachokiona. Tumechagua tano.

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Kitabu changu kimeandika anwani ya mkahawa kuwa "Dorsoduro 3100", basi, bila jina la barabara. Ni makosa ya chapa?

Si makosa. Mji wa kale wa Venice umegawanywa katika sehemu sita, kila moja ikiitwa sestiere: San Marco, Castello, Cannaregio, Dorsoduro, San Polo na Santa Croce. Namba za nyumba hazianzi upya kila barabara. Zinaanza moja, zinaingia kichochoroni, zinazunguka ua, zinatokea upande wa pili na kuendelea hadi sestiere nzima iishe. San Marco namba 1 ni Kasri la Doge, mtawala wa zamani wa Venice, lakini Castello na Cannaregio namba zinavuka 6,000.

Kwa hiyo namba peke yake inamfaa tarishi, si mgeni. Unachohitaji ni jina la kichochoro, pamoja na kanisa, daraja au uwanja ulio karibu. Kama kitabu hakikutaja, tafuta jina hilo usiku kabla ya kutoka, uliandike kwa penseli pembeni mwa ukurasa. Ukifika, inua macho: majina ya njia yameandikwa ukutani kwa herufi nyeusi, ndani ya mstatili wa chokaa nyeupe wenye ukingo mweusi. Wenyeji huuita nizioleto, yaani kishuka. Ukiona jina ulitakalo usishangilie kwanza; hakikisha uko kwenye sestiere yenyewe. Calle del Forno, kichochoro cha tanuri la mkate, utaikuta sehemu kadhaa za mji, kwa kuwa waokaji walikuwa kila mtaa.

SWALI: Ramani ya kitabu inasema Santi Giovanni e Paolo, lakini watu wanasema San Zanipolo. Nimejaribu ramani ya simu, ikanipeleka mpaka kwenye maji. Nifuate ipi?

Kanisa ni hilohilo. Kitabu kimetumia Kiitaliano sanifu, wenyeji wanatumia Kivenisi, na Kivenisi hupenda kuunganisha au kufupisha majina ya watakatifu: Gervasio na Protasio wamekuwa San Trovaso, Eustachio amekuwa Stae. Kituo cha boti kwenye Mfereji Mkuu kimeandikwa San Stae, kwa hiyo anayetafuta "Sant'Eustachio" atakipita. Fungua faharasa ya kitabu, andika jina la pili kando ya kila kanisa uliloweka alama.

Jifunze pia maneno machache, maana ndiyo yanayokuonya kabla hujapotea. Calle ni kichochoro. Fondamenta ni njia iliyo kando ya mfereji, na rio ni mfereji wenyewe. Rio terà ni mfereji uliofukiwa ukawa njia, ndiyo maana huwa mpana kuliko jirani zake. Sotoportego hupita chini ya nyumba za watu. Ukiona corte, huo ni ua, na mara nyingi mlango wa kuingilia ndio huohuo wa kutokea.

Simu hukosea kwa sababu vichochoro ni vyembamba na kuta ni ndefu. Mawimbi ya satelaiti hugonga kuta kabla ya kukufikia, nayo simu ikakuweka kichochoro cha pili. Ukiishiwa, fuata vibao vya njano vya "Per Rialto", "Per S. Marco" au "Ferrovia", yaani stesheni ya treni. Havikupitishi njia fupi wala tulivu, ila vinafikisha.

SWALI: Nimepewa zawadi kitabu cha mwaka 2017. Kinafaa bado, au nitupe?

Usitupe. Kigawe kichwani mara mbili. Habari za majengo, michoro na historia hazijachacha: Daraja la Rialto la mawe lilijengwa kati ya 1588 na 1591 na halijahama. Mnara wa San Marco ulianguka Julai 14, 1902 na kufunguliwa tena 1912. Toleo lolote litakwambia hivyo. Kurasa za bei, saa za kufungua na usafiri ndizo usizoziamini. Kumbuka pia kwamba kitabu hutafitiwa miezi mingi kabla ya mwaka uliochapwa kwenye ukurasa wa hakimiliki.

Kwa Venice, kitabu cha 2017 kina mapengo mawili makubwa. La kwanza ni mafuriko: tangu Oktoba 2020 vizuizi vya MOSE, mfumo wa kukinga mji na mafuriko, huinuliwa kwenye milango ya wangwa unaouzunguka mji maji ya bahari yanapotarajiwa kupanda sana, hivyo maelezo marefu ya kutembea juu ya majukwaa ya mbao yamepungua uzito. La pili ni ada ya kuingia mjini, iliyoanza Aprili 25, 2024, kwa baadhi ya siku za msimu wa wageni wengi. Inamhusu anayekuja asubuhi na kuondoka jioni. Mwaka 2025 ilikuwa euro 5 kwa aliyelipa mapema na euro 10 kwa aliyechelewa. Anayelala hotelini ndani ya manispaa halipi, lakini anatakiwa kuwa na uthibitisho wa msamaha. Kalenda ya siku hizo hutolewa upya, kwa hiyo iangalie kwenye tovuti rasmi ya jiji kabla ya kukata tiketi ya treni.

SWALI: Ndani ya kanisa, kitabu kinasema "altare ya pili kulia". Kulia kwa nani?

Kwa aliyeingia mlango mkuu akiitazama altare kuu, na hesabu inaanzia mlangoni. Taabu ni kwamba makanisa mengi huwaingiza watalii kwa mlango wa pembeni, na hapo ndipo kulia kunageuka kushoto. Kwanza nenda usimame nyuma ya mlango mkuu, ndipo ufungue kitabu.

Mfano mzuri ni kanisa la Frari, sestiere ya San Polo. Tafuta mnara wa kumbukumbu wa mchongaji Canova, wenye umbo la piramidi: ukiukuta mkono wa kushoto, na kaburi la mchoraji Titian mkabala nao kulia, umesimama sawa. Sasa tembea katikati. Mbele yako kuna ukuta wa kwaya wenye tao, na ndani ya tao hilo utaiona Assunta ya Titian, mchoro wa Bikira Maria akipalizwa mbinguni, iliyozinduliwa 1518, ikiwa imekaa kama ndani ya fremu. Watu wengi huukimbilia mchoro wenyewe na kuikosa picha hii ya kutokea mbali.

Soma ukurasa wa kanisa ukiwa bado nje. Ndani mwanga ni hafifu, na anayesoma kwa tochi ya simu huwakera wanaosali.

SWALI: Kitabu kinasema kutoka soko la samaki hadi kasri la Ca' d'Oro ni "ng'ambo tu ya mfereji". Mbona nilitembea karibu nusu saa?

Kwa sababu Mfereji Mkuu una madaraja manne tu: Costituzione, Scalzi, Rialto na Accademia. Ramani ya kitabu huonyesha umbali wa moja kwa moja, kama arukavyo kunguru, nawe ulizunguka kupitia Rialto katikati ya umati. Pale sokoni kuna traghetto, mtumbwi wa gondola wa kuvusha watu, unaotua Santa Sofia karibu kabisa na Ca' d'Oro. Tafuta kibao chenye neno hilo kwenye kichochoro kinachoshuka majini, uwe na sarafu mkononi, upande mmojammoja na ukae au usimame pale mpiga kasia atakapokuonyesha. Usiuache hadi jioni, kwani huduma hufungwa mapema. Na kama unataka kuliona soko lenyewe, nenda asubuhi, Jumanne hadi Jumamosi. Jumapili na Jumatatu meza za samaki ni tupu.