Jibu: ubao wa mabega wa kufunga na kufungua kwa mtumbwi wa plaiwudi

Ndugu uliyeuliza vipi kubeba mtumbwi peke yako kwa ubao wa mabega, yaani ubao unaokingama toka ukingo hadi ukingo ukakaa mabegani, nimekupata. Mtumbwi wako wa plaiwudi uko Tudor, Mombasa, bamvua (siku za maji makuu) maji yakitoka yanaenda mbali, uko peke yako, na katikati hutaki ubao wa kudumu sababu ndo mahali pa nyavu. Inawezekana na si gharama. Wangu naubeba vile wanavyobeba watu wa Kanada wakivuka kutoka ziwa moja hadi lingine, mtumbwi umefunikwa juu ya kichwa, uzito wote mabegani, mikono inashika kingo za kuongozea tu.

Kabla hujakata mbao tafuta pale mtumbwi unapolingana uzito. Usichukue tepu ukagawa nusu kwa nusu, mitumbwi hii ya fundi wetu omo (mbele) na tezi (nyuma) hazina uzito mmoja. Toa kafi, toa upo wa kuchotea maji, toa nanga, halafu ingiza bomba chini yake kwa kukingama, sogeza sogeza mpaka usimame bila kulalia upande, piga alama kingo zote mbili. Sasa mabega yako yaje sentimita 2 au 3 mbele ya alama, upande wa omo. Hapo tezi inazidi kidogo, omo inainuka na unaona njia. Ikiwa kinyume utatembea unatazama vidole vya miguu yako mpaka ufike.

Mbao mimi nasema saiprasi inatosha, mvule ni mzito na bei yake mwaijua. Ila chagua ambao nyuzi zimenyooka toka mwanzo hadi mwisho na usiwe na jicho (kifundo) pale katikati, sababu pale ndo utachonga mkato wa shingo na pale ndo huvunjika. Mkato uangalie omo, na nyuma yake acha mbao ya kutosha, sentimita 6 hivi.

Sasa kufunga, hapa watu wengi wanajichosha na mabolti makubwa bure. Fikiria kidogo: mtumbwi ukishageuzwa, kingo ndo zinakalia ubao, kwa hivo bolti haibebi uzito, kazi yake ni kuzuia ubao usiteleze na kuushika ule wakati unapindua. Ya milimita 8 yatosha, ya stenlesi lakini, hii nyingine munyu (chumvi) utaila. Kila upande chonga kibanzi kigumu chenye kidato (ngazi moja ndogo), kimo cha kidato kiwe unene wa ukingo au upungue nywele tu. Ncha moja ya kibanzi inaingia chini ya ukingo, ile yenye kidato inagusa ubao, bolti inapita katikati yao, nati ya masikio juu ufunge kwa vidole. Bila kidato kibanzi kinapinda ukikaza na kinauma ukingo kwa pembe. Kata mpira wa tyubu ya baiskeli uweke katikati, hautelezi na rangi haichubuki. Usitoboe ukingo wenyewe hata fundi akikushauri, tundu ni mlango wa maji kwenye plaiwudi.

Mito ya mabega: vibao viwili, sponji ngumu juu yake, funika na turubai. Nafasi ya katikati pima kwa shingo yako, mimi nimeacha sentimita 18 na mtu mnene atataka zaidi. Msivipigilie misumari mpaka mujaribu kutembea navyo kwanza.

Halafu upepo. Kusi ikivuma sawasawa mtumbwi ule kichwani ni tanga, utakuzungusha kama mlevi, siku hizo tafuta mtu wa kushika tezi au usubiri maji yajae.

Na yule aliyeuliza kama itafaa kwa mtumbwi wa mwembe wa kuchongwa, hapana yakhe, ule tafuta watu na magogo ya kuviringishia.