Mkarafuu Hautaki Shamba Jeupe

Niliporithi kipande cha shamba la marehemu baba, upande wa Mtambile huku Pemba, jambo la kwanza nililofanya ni kufyeka. Migomba, vichaka, hata miembe miwili ya zamani, vyote vikaenda. Nikapanda miche hamsini ya mikarafuu wakati wa masika. Kaskazi ilipoingia, jua likaipiga mpaka ikanyauka. Haikubaki hata kumi na tano. Masika yaliyofuata udongo mwekundu ukaporomoka mlimani hadi kwenye mpunga wa jirani. Nilikwenda kumwomba radhi.

Bibi akaniambia, "Mjukuu wangu, panda migomba kwanza, mikarafuu ije chini yake." Ndivyo nilivyofanya. Mkarafuu mchanga unataka kivuli na unyevu. Wahaya kule Kagera nao hupanda mibuni ndani ya migomba, na kahawa tunayokunywa barazani huwa nzuri vilevile. Sasa nyasi nikizikata naziacha palepale chini ya mche, na kwenye mteremko nimepanda mananasi kwa kukingama ili maji yasichukue udongo.

La pili ni matawi, na hapa ndipo roho inaponiuma kila msimu. Ua la mkarafuu hutoka kwenye ncha ya kitawi. Ukikivunja ili uwahi kujaza pishi, kile kipimo cha karafuu, umevunja na mavuno ya baadaye, maana kitawi lazima kichipue upya kwanza. Na ugonjwa hupitia kwenye lile jeraha, tawi likaanza kufa taratibu kutoka juu. Mchumaji analipwa kwa pishi, simlaumu kwa haraka yake. Mimi namwongezea kidogo asiyevunja, na ngazi na kamba natoa mwenyewe. Gharama ipo, lakini mkarafuu huchukua karibu miaka sita au zaidi kuanza kuzaa, na ukitunzwa unaweza kuwazalia mpaka wajukuu. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi mno Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao hili. Yetu hatuna haja ya kuiangusha kwa mikono.

Kuhusu mbegu: mipeta, yaani matunda yaliyoiva, ipandwe mbichi. Ukiianika kama karafuu, imekufa. Mwaka huu mikarafuu miwili ya baba sikuichuma yote, nimeiachia iive. Mwenye kitalu huku Mtambile aje na kikapu, tutaokota pamoja.