Jembe la ugenini: niliyojifunza kwa kujitolea kwenye mashamba ya kilimo hai

Shamba la kwanza nililokwenda kujitolea nje ya nchi niliondoka siku ya tisa, alfajiri, begi mgongoni, nikatembea hadi barabara ya lami kwa sababu mwenyeji alikataa kunipeleka kituoni. Shamba la pili nilikaa miezi miwili, na siku ya kuaga machozi yalinitoka. Unaweza kusema ni bahati. Mimi nasema shamba la pili niliuliza maswali kabla ya kukata tiketi.

Mpango wenyewe ni rahisi kuueleza. Unatoa nguvu zako kwa saa kadhaa, unapewa chakula na mahali pa kulala, na hakuna anayemlipa mwenzake. Mtandao wa zamani zaidi unaojulikana wa aina hii, WWOOF, ulianza Uingereza mwaka 1971. Sue Coppard, aliyekuwa katibu muhtasi London, alitaka watu wa mjini kama yeye wapate wikiendi za kufanya kazi kwenye shamba la kilimo hai. Wikiendi tu! Leo watu wanakwenda kwa miezi, bara jingine, kwa mwenyeji wasiyewahi kumwona. Ndiyo maana maswali ni muhimu kuliko gambuti.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huku jembe utalikuta limeegemezwa mlangoni siku unayofika. La kuuliza ni saa ngapi utaruhusiwa kuliweka chini. Kawaida inayotajwa kwenye mitandao hii ni saa 4 hadi 6 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Usiishie hapo. Uliza kama kupika na kuosha vyombo vya nyumba nzima kumo ndani ya hizo saa au ni nyongeza. Mimi sikuuliza. Niliambiwa saa 5 za bustani, na ni kweli bustani ilikuwa saa 5. Baada ya hapo kulikuwa na vyumba vya wageni wanaolipa, vya kufagia na kutandika, na jioni jikoni. Msimamo wangu tangu siku hiyo: kama kazi uliyopewa ingefanywa na mfanyakazi wa nyumba ya wageni, basi huko si kujitolea, unajaza nafasi ya mtu anayestahili mshahara.

Uliza pia utalala wapi hasa (neno "chumba" linaweza kumaanisha hema, au karavani bovu nyuma ya banda la kuku), mtakuwa wangapi, kituo cha basi kiko umbali gani, na simu inashika wapi. Mwenyeji mzuri hachukizwi na maswali haya. Mara nyingi naye anayo yake, kwa sababu ameshapokea watu waliokuja kupumzika wakidhani shamba ni hoteli ya bure.

Sasa viza, na hapa soma polepole. Wengi wanafikiri kwa kuwa hawalipwi, viza ya utalii inatosha. Nchi nyingi hazioni hivyo: kitanda na chakula unachopata kwa jasho lako huhesabiwa kuwa malipo. New Zealand, kwa mfano, inaichukulia kazi hii kuwa ajira inayohitaji viza inayoruhusu kufanya kazi. Australia nayo, tangu 2015, kujitolea bila mshahara hakuhesabiki tena katika siku 88 za kazi ambazo vijana wenye viza ya likizo na kazi huzitafuta ili waongezewe mwaka wa pili. Soma sheria kwenye tovuti ya uhamiaji ya nchi unayokwenda, si kwenye maelezo ya mwenyeji. Akikuandikia "ukiulizwa uwanjani sema umekuja kutembea", mwenye kurudishwa kwa ndege inayofuata ni wewe, yeye atabaki na nyanya zake.

Bima ya safari isome hadi maandishi madogo. Nyingi hazifidii ajali ya msumeno wa mnyororo au ya kupanda juu ya paa, na hizo ni kazi utakazoombwa. Hakikisha chanjo ya pepopunda haijapita miaka 10.

Kitu kimoja sikubali kubishana nacho: pesa ya kuondokea. Nauli ya kutoka shambani hadi mjini, na usiku kadhaa wa malazi, iwe kwenye akaunti yako na isiguswe. Ukiwa nayo utaweza kumwambia mwenyeji "hatukukubaliana hivi" bila sauti kutetemeka. Usipokuwa nayo utafagia vyumba vya wageni.

Tuseme umefika na mambo ni mazuri. Kinachowashinda wengi wala si kazi. Ni kuishi kwenye nyumba ambayo kila swichi na kila tone lina hesabu.

Umeme wa sola una mipaka ambayo mtu wa mjini hajawahi kukutana nayo. Birika la umeme la wati 2,000 linavuta sawa na taa 250 za wati 8. Kwenye mfumo mdogo, likiwashwa usiku betri inashuka na invata (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani) inajizima, na asubuhi friji lina joto. Betri za asidi zikishushwa chini ya nusu mara kwa mara hufa mapema, na kuzinunua upya ni gharama inayoumiza. Kwa hiyo chaji simu mchana jua likiwaka, na kikausha nywele kiache kwenu.

Maji ya mvua nayo yana hesabu yake: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita 60 za mraba likipata milimita 10, ni lita 600. Zinasikika nyingi mpaka ukumbuke kwamba bomba la bafuni linaweza kumwaga lita 9 au 10 kwa dakika. Mvua nzima hiyo inaisha kwa kuoga saa moja. Na maji uliyoogea huenda yanaishia kwenye migomba au miti ya matunda, kwa hiyo dawa za klorini na sabuni kali hazimwagwi humo.

Choo cha mboji kinawatisha wageni bila sababu. Siri yake ni kufunika: kila ukimaliza, kopo la vumbi la mbao au majani makavu. Kikinuka, unyevu umezidi au vikavu vimepungua. Kanuni ndiyo ileile ya lundo la mboji bustanini, ambalo hupenda sehemu 25 hadi 30 za kaboni (iliyojaa kwenye vikavu) kwa 1 ya naitrojeni (iliyo nyingi kwenye vibichi na kinyesi). Lundo likikolea joto na kuvuka nyuzi 55 kwa siku kadhaa, mbegu nyingi za magugu hufa. Mara ya kwanza nilipochomeka mkono kwenye lundo nililojenga mwenyewe niliutoa haraka kama nimegusa sufuria.

Kuhusu kazi ya bustani nitakiri jambo. Siku ya nne kwenye shamba la pili nilipalilia tuta zima kwa bidii, nikaacha udongo safi kama meza. Nilikuwa nimeng'oa miche yote ya karoti. Mwenyeji aliangalia, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba katika kilimo cha permakalcha, yaani kupanga shamba liige mazingira ya asili, kilichoasisiwa na Bill Mollison na David Holmgren kule Tasmania miaka ya 1970, kanuni ya kwanza kati ya 12 za Holmgren ni kutazama kabla ya kutenda. Akaniachia mbegu nipande upya. Tangu hapo naomba nionyeshwe mmea unaobaki, si gugu tu. Na mawazo yako mazuri ya kuboresha shamba la watu, yaliyotoka kwenye video, yakalie kwa wiki moja angalau. Mengi utagundua walishayajaribu.

Muda nao upangwe. Wageni wengi huomba mwezi mzima kwa mwenyeji wasiyemjua, kisha wanaona aibu kuondoka. Mimi huomba siku 10, na tunakubaliana kwamba siku ya nane tutakaa tuzungumze kama naongeza au naaga. Shamba lile la karoti niliomba 10 pia. Siku ya nane ilipofika mwenyeji ndiye aliyeanza: "Karoti zako zinakaribia kuota, huzisubiri?"