"Salama tu": Jibu Ambalo Meneja Hapaswi Kulipita

Nilipokabidhiwa usimamizi wa ghala la vyakula kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, niliamini kazi yangu ni hesabu: mzigo ulioingia, uliotoka, uliobaki. Hesabu nilizimudu. Watu sikuwamudu.

Tulikuwa na kijana mtunza stoo, mwepesi wa kazi na mwaminifu. Akaanza kuchelewa. Siku ya tatu nilimsubiri mlangoni, nikamfokea mbele ya makuli na dereva wa lori aliyekuja kupakia. Aliinamisha kichwa, akasema, "Sawa, bosi." Nikaridhika kwamba nimeeleweka.

Wiki hiyohiyo akaja kuomba ruhusa. Mama yake mdogo amefariki usiku, wanamsafirisha kwenda kuzika Tanga. Nikafungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, nikamsomea: angalau siku 4 zenye malipo kwa msiba wa mwenza, mzazi, babu au bibi, mtoto, mjukuu, kaka au dada. Mama mdogo hayumo. Nikamrudishia barua yake bila kumwuliza swali hata moja. Ningeuliza, ningejua kwamba huyo ndiye aliyemlea tangu utotoni, na kwamba asubuhi zile alizochelewa alikuwa akitoka kumpelekea uji wodini.

Sheria hiyohiyo inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28, na ningeweza kumpa siku chache kutoka humo. Nilijua. Ila hasira za kuchelewa kwake zilikuwa bado kifuani, na ndizo zilizoisoma sheria siku ile.

Hakwenda kuzika. Ghala likawa kimya, kila nililosema nilijibiwa "Sawa, bosi." Kisha siku ya kuhesabu mali nikakuta, nyuma ya magunia ya mchele, madumu ya mafuta ya kula yamepasuka na magunia ya chini yameloa. Yalipasuka wiki mbili kabla. Watu wanne walijua, na hakuna aliyethubutu kuniambia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba meneja anayeogopwa huwa wa mwisho kupata habari za ghala lake mwenyewe.

Wataalamu huita jambo hili akili hisia: kuzitambua hisia zako na za wenzako, na kuziongoza zisikuongoze. Kwangu limeanzia mwilini. Hasira hunipanda masikioni, yanapata moto kabla mdomo haujafunguka. Nikisikia moto ule, naenda kwenye maji, nakunywa glasi nzima, kisha narudi. Na onyo nalitoa faraghani, mlango umefungwa.

Jingine ni salamu. Sisi tumelelewa kujibu "salama" hata nyumba ikiwaka moto, kwa hiyo jibu la kwanza ni adabu zaidi ya habari. Sikiliza "tu". Mtu akikwambia "salama tu", au "tunamshukuru Mungu" huku macho yako chini, usipite. Vuta kiti. Uliza, "Nyumbani wote hawajambo?" halafu unyamaze, hata kama ukimya unakuchoma. Wengi watasema ni mambo ya kawaida, na usiwalazimishe. Mmoja atakwambia.

Huu si ulegevu. Mwaka huohuo aliyeiba sukari alifikishwa kwenye kikao cha nidhamu na akaondoka. Lakini alisikilizwa kwanza, akajieleza mpaka mwisho.

Kwa yule kijana nilichelewa. Nilimwomba radhi mbele ya walewale makuli, kwa sababu nilimdhalilisha mbele yao. Kumwomba ofisini peke yetu kungekuwa kujificha. Kisha nikaenda kwenye arobaini ya marehemu, nikakaa mkekani na ndugu zake wa kiume, nikaitikia dua. Hakusema lolote kubwa, ila alinisindikiza mpaka kituo cha daladala. Mazishi hayarudi, na hilo bado linaniuma.

Jumatatu iliyopita amekuja mezani kwangu saa moja na nusu asubuhi, kabla sijafungua hata daftari. "Bosi, jana jioni nimeangusha katoni 6 za maziwa. Nimezitenga pale mlangoni, twende ukazione."