Jibu: SSH kukatika katikati ya kazi, na kuifikia MySQL bila kufungua poti

Mkuu, umesema uko Ngamiani, Tanga, unatumia bando la simu, na SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) ikikatika kazi ya kusasisha seva inakufa nayo. Ni kwa sababu muunganisho ukifa, programu ulizoanzisha humo hupokea ishara ya kufungwa. Dawa ni tmux, programu inayoweka kazi zako hai kwenye seva hata ukitoka. Ukishaingia kwenye seva, andika `tmux new -s kazi`, ndipo uanze `apt upgrade`, amri ya kusasisha programu za seva. Mtandao ukipotea, ingia tena, andika `tmux attach -t kazi`, utaikuta inaendelea. Apt ikikatwa katikati huacha vifurushi nusunusu, na hapo itabidi uandike `dpkg --configure -a` ili kuvimalizia.

Pia ongeza `ServerAliveInterval 30` kwenye faili `~/.ssh/config` ya kompyuta yako, ili SSH itume ishara ndogo muunganisho ukikaa kimya sekunde 30. Mitandao ya simu hufuta miunganisho iliyokaa kimya.

Kuhusu kuifikia MySQL (programu ya hifadhidata) ya kwenye seva, nakusihi usifungue poti 3306, mlango wake wa mtandao, kwa dunia nzima. Ipitishe ndani ya SSH, ili poti 3307 ya kompyuta yako ifike kwenye 3306 ya seva:

`ssh -N -L 3307:127.0.0.1:3306 jina@seva`

Dirisha litakaa kimya bila kuonyesha kitu. Ndivyo inavyotakiwa, liache wazi. Kwenye dirisha jingine:

`mysql -h 127.0.0.1 -P 3307 -u mtumiaji -p`

Hapa ndipo wengi hukwama. Ukiandika `localhost` badala ya 127.0.0.1, kwenye Linux au Mac mysql haiangalii poti kabisa. Hutafuta soketi (faili maalumu ya kuunganishia programu) ya kompyuta yako mwenyewe, kisha inalalamika haioni seva. Ikikubali muunganisho lakini ikamkataa mtumiaji, angalia ruhusa zake: kwa MySQL anaonekana ameingia kutoka kwenye seva yenyewe, si kutoka Tanga.