Mwanangu anaitwa Yakobo, nimbadilishe jina?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa miaka 6 anaitwa Yakobo, jina la babu yake. Siku hizi ni mdokozi na muongo, mtumishi mmoja kasema Yakobo ni "tapeli" kwa Kiebrania na jina ndo linamvuta, tutoe sadaka alibadilishe. Ni kweli?

JIBU: Marahaba Mama Yakobo. Wiki haipiti sijaulizwa hili na kila mara linaniuma.

Fungua Mwanzo 25:26, mtoto katoka kamshika kaka yake Esau kisigino, ndo akaitwa Yakobo. Kisigino, basi. Hilo la tapeli linatoka sura ya 27:36, Esau kaibiwa baraka na Yakobo, analia kwa hasira, anacheza na maneno, maana kwa Kiebrania kisigino na kuhadaa vinaandikwa kwa herufi zilezile tatu. Sasa mtu anachukua kilio cha ndugu aliyedhulumiwa anakifanya kamusi! Tena wasomi wengi wanaona ni kifupisho cha Yakobo-El, yaani "Mungu alinde". Kwenye ukuta wa hekalu la Karnak kule Misri, farao Thutmose III kaorodhesha miji ya Kanaani na mmoja unasomeka hivyo hivyo, Yakobo-El.

Na wanaosema "mbona Mungu alimbadilisha akawa Israeli", wasome mpaka Mwanzo 46:2, jina jipya lishatolewa zamani, Mungu mwenyewe anamuita usiku, "Yakobo, Yakobo". Kwa Musa anajitambulisha Mungu wa Yakobo. Angekuwa analiona jina la laana angelitumia?

Tatizo langu kubwa ni hii imani kwamba jina ni kama kamba inamvuta mtu, watu wanatoa hela, wanahangaika na cheti cha kuzaliwa, mtoto anakua akijua yeye ni mwizi wa kuzaliwa. Danieli alipewa jina Belteshaza, Nebukadneza mfalme wa Babeli mwenyewe anasema ni kwa jina la mungu wake (Danieli 4:8), na maombi ya Danieli yalijibiwa vilevile. Mordekai, yule aliyemlea Esta, jina lake limebeba Marduki, mungu wa Babeli, na hakuna mstari hata mmoja unaomwambia alitupe. Hao wanaouza maana za majina hawagusi hapo, wanashika Yakobo na Yabesi (yule mama yake alimwita hivyo kwa kuwa alimzaa kwa huzuni) tu kwa sababu zinatisha wazazi.

Hiyo sadaka usitoe. Udokozi wa miaka 6 kaeni nae nyumbani mumfundishe, na mumuite Yakobo bila woga, mbele yake msilitaje tena hilo neno tapeli.